Magongo Kumi na Matatu, Vijana Kumi na Sita

Ukitaja michezo katika nchi ya Wagusii, watu hufikiria mambo mawili tu. La kwanza ni mbio, maana ni Mgusii, marehemu Naftali Temu, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, huko Mexico mwaka 1968, katika mbio za mita 10,000. La pili ni Shabana, timu ya kandanda ambayo ikishuka Uwanja wa Gusii mjini Kisii, wazee kwa vijana huacha shughuli zao wakaenda kupaza sauti. Mpira wa magongo, au hoki kama wauitavyo vijana, haumo katika mazungumzo hayo. Hata kinyozi wangu wa mjini Kisii aliponiuliza naenda wapi na nikamjibu kwamba naenda kutazama hoki, alisimamisha mkasi akauliza, "Hiyo ya Wahindi?"

Basi nilipanda matatu hadi Keroka, mji ule ambao mguu wake mmoja uko Kisii na wa pili uko Nyamira, kisha nikaingia ndani kwenye mashamba ya chai. Shule niliyoitembelea sitaitaja jina, na hilo ni ombi la mwalimu wa michezo mwenyewe, asije akaambiwa kwamba alipiga ngoma ya ushindi kabla ya vita. Timu yake imemaliza ya pili katika kundi lake kwenye mashindano ya shule za upili ya kaunti. Kwa hiyo sasa inaingia raundi ya kwanza ya mtoano, ambako hakuna pointi za kuhesabu wala mechi ya kesho ya kurekebisha mambo. Anayeshindwa hupanda basi kurudi nyumbani. Wapinzani wao ni vijana wa upande wa Borabu, walioongoza kundi la pili bila kufungwa hata bao moja.

Nilifika saa nane na nusu mchana. Uwanja ni ule ule wa kandanda, nao umelalia upande mmoja kama sahani iliyowekwa juu ya goti. Ukiuweka mpira katikati, hauombi ruhusa kwa mtu, unateremka wenyewe hadi kwenye ua wa mwalimu mkuu. Majani ni mafupi mahali pengine, marefu mahali pengine, na karibu na lango moja hakuna majani kabisa, ni udongo mwekundu tu. Malango yenyewe ni ya miti ya mkaratusi. Vijana walikuwa kumi na sita, na magongo nilihesabu kumi na matatu. Wakati wa mechi shida hiyo haionekani, kwa sababu wanaocheza ni kumi na mmoja, na anayetoka humkabidhi gongo anayeingia. Lakini wakati wa mazoezi, watatu hulazimika kukaa nje wakingoja zamu, na mwalimu ana daftari la kuandika nani alikaa nje jana.

Nisingependa msomaji afikiri kwamba nimekuja kulia juu ya umaskini. Shule nyingi za milimani hazina hata magongo hayo kumi na matatu. Ninachotaka aone ni jinsi uwanja wenyewe unavyoamua mchezo, na hapo ndipo kwenye kisa.

Mpira wa hoki ni kitu kigumu cha gramu 156 hadi 163, mdogo wa kuenea kiganjani. Juu ya zulia la bandia huteleza sawasawa, na mchezaji anajua utamfikia wapi. Juu ya nyasi za Nyamira huruka. Hugonga kichuguu, ukakurukia gotini, au ukasimama ghafla kana kwamba umekumbuka jambo. Kwa hiyo kijana wa hapa hujifunza kwanza kuutuliza mpira, ndipo ajifunze kuupiga. Nilimwona mmoja wa Kidato cha Nne, mwembamba, kimya, ambaye kazi yake kubwa ni moja tu: kusimamisha mpira wa kona ya adhabu.

Kwa asiyeijua, kona ya adhabu ndiyo roho ya hoki. Mpira huwekwa juu ya mstari wa goli, angalau mita kumi kutoka mwimo wa lango. Walinzi watano tu, kipa akiwa mmoja wao, husimama nyuma ya mstari, na wenzao sita hufukuzwa hadi mstari wa katikati. Mshambuliaji mmoja huusukuma mpira nje ya duara, wa pili huusimamisha, wa tatu huuchapa. Akiuchapa kwa nguvu pigo la kwanza, sheria hairuhusu mpira uvuke mstari juu ya sentimita 46, ambacho ndicho kimo cha ubao wa chini ndani ya lango. Mpira usiposimama, wale walinzi huwa wameshafika, na nafasi imekwisha. Yule kijana mwembamba alilaza gongo lake udongoni mara ishirini na tano nikihesabu. Mara kumi na tisa mpira ulisimama. Mwalimu aliniambia kwamba mwezi Januari ulikuwa ukisimama mara kumi.

"Kinachotupiga si Borabu, mzee," kijana mwenyewe aliniambia walipopumzika. "Ni ile ardhi. Ukiielewa, Borabu ni watu tu."

Maneno haya yalinirudisha mbali. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la hoki, lililochezwa Barcelona juu ya nyasi, Kenya ilimaliza ya nne duniani. Ilifungwa na Hispania bao moja kwa nusu fainali, halafu India ikaipita mabao mawili kwa moja katika muda wa nyongeza kugombea nafasi ya tatu. Nahodha wetu mashuhuri wa miaka ile alikuwa Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972. Kisha mambo mawili yakatokea pamoja. Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 ilichezewa hoki juu ya zulia la bandia kwa mara ya kwanza, na Kenya haikucheza, kwa kuwa ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1980 tukasusia tena Moscow. Tuliporudi Los Angeles mwaka 1984, mchezo ulikuwa umehama nyasini. Ni kweli kwamba tulitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1987 na kwenda Seoul mwaka uliofuata, lakini ule ukaribu na wakubwa wa dunia haukurudi tena. Zulia ni ghali, na asiyelizoea tangu utotoni huonekana kama mtu anayetembea juu ya sabuni.

Hivyo vijana hawa wa Nyamira wanacheza hoki ya Barcelona, ambayo dunia imekwisha kuiacha. Kwa raundi hii hiyo ni silaha yao, kwa maana mechi itachezwa nyasini pia. Wakipita hapa wakashinda na fainali, watakwenda mashindano ya mkoa wa Nyanza, nako ndiko kwenye simba. Majirani zetu wa ziwani wana hoki damuni. Waluo walikuwa na mchezo wao wa kale, adhula, wa kugombania mpira kwa vijiti vilivyopinda, kabla Mzungu hajaleta wake. Na hapa niseme neno kwa wale wanaoshangilia ovyo redioni: Nyamira Girls, ile shule inayovuma kwa hoki ya wasichana, si ya Nyamira hii yetu. Iko Siaya, upande wa Bondo. Nimeona watu wazima wakinunuliana soda kwa ushindi usio wao.

Kipa wa timu ni kijana wa Kidato cha Tatu mwenye mwili, na ndiye pekee mwenye kofia ya chuma. Vikinga vyake vya miguuni vimeshikizwa kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Nilimwuliza kama haumii. Akacheka, akasema kwamba nyumbani hukata kuni za mkaratusi, na hakuna mpira unaouma kuliko kuni inayoruka.

Mwalimu, yeye hakucheka sana siku ile. Saba kati ya kumi na sita wako Kidato cha Nne. Ligi kuu ya hoki nchini imejaa vilabu vya Nairobi: vyuo vikuu, Polisi, na wengineo. Kijana wa kandanda akimaliza shule hapa ana timu ya kijiji, ana Shabana ya kuota. Kijana wa hoki akimaliza, asipoonekana na mtu katika mashindano ya mkoa, analirudisha gongo stoo na hana mahali pa kulishikia tena. "Mimi sitafuti kombe," mwalimu aliniambia, sauti chini ili wasisikie. "Natafuta wafike mkoani, waonekane mara moja." Kwa hesabu yake, yule msimamishaji wa kona angeweza kuchezea chuo kikuu chochote. Lakini wenye vyuo hawatembei Nyamira kutafuta mtu anayesimamisha mpira.

Saa tisa na robo mvua ikashuka, kama ilivyo desturi ya Gusii, bila onyo. Nilidhani watakimbilia darasani. Hawakukimbia. Mwalimu alipuliza filimbi, wakasogea kwenye lango lile lisilo na majani, na mpira ukaanza kusukumwa tena, sasa katika tope. Mara ya kwanza ulikwama njiani. Mara ya pili ukateleza chini ya gongo. Kijana akabadili goti la kupiga, akalishusha gongo polepole zaidi, na mara ya tatu ukasimama.

Basi la shule litaondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Magongo kumi na mawili yameshafungwa kwa kamba stoo, na la kumi na tatu, lenye ufa, lilikuwa kwa fundi seremala sokoni Keroka, aliyeahidi kulitoa Ijumaa jioni.