Mtoto anaweweseka ghafla? Mtazame mboni

Asubuhi mtoto alikuwa mzima, anacheza nyuma ya nyumba. Saa moja baadaye anasema maneno yasiyoeleweka, anadaka hewani vitu usivyoviona, na mwili unachemka. Wengi wetu tungesema malaria imepanda kichwani, au amepagawa. Kabla ya kusema hivyo, mtazame macho.

Mboni, lile duara jeusi katikati ya jicho, hupungua penye mwanga. Zikibaki kubwa hata juani, huenda mtoto amekula mnanaha.

Mnanaha ni gugu lenye maua meupe au ya zambarau yenye umbo la tarumbeta, na tunda la miiba linaloweza kufikia ukubwa wa yai. Huota jalalani, kando ya njia na katikati ya mahindi. Mmea wote una sumu, mbegu zikiwemo. Sumu yenyewe ni atropini na skopolamini. Atropini hiyohiyo madaktari wa macho huitumia kama matone ya kupanua mboni. Ikiingia mwilini kwa wingi, mdomo hukauka, jasho hukatika, moyo hwenda mbio na mkojo hugoma kutoka.

Si watoto pekee. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, karibu watu 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa lishe wa msaada uliochanganyika na mbegu za gugu hili.

Wakati mwingine mboni moja tu ndiyo hupanuka. Mtoto ameshika mnanaha, au ua la tarumbeta linalopandwa kama pambo, kisha akajifikicha jicho. Daktari asipoambiwa, anaweza kuhofia jeraha la ubongo.

Ufanye nini? Msuuze mdomo, mnawishe mikono na, kama amejifikicha, jicho kwa maji safi. Usimtapishe wala kumlazimisha kunywa maziwa. Mpeleke hospitali mara moja, ukiwa na tawi la mmea au picha yake kwenye simu, na useme alikula saa ngapi.

Mboni zikiwa ndogo mno kama tundu la sindano, huku mate yakimtoka, mwambie daktari kama nyumbani kuna dawa ya wadudu. Hiyo ni sumu nyingine, na tiba yake ni tofauti.

Leo jioni, zunguka nyumba yako. Ukiuona mnanaha, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, ung'oe kabla haujatoa mbegu.