Nyaraka za James Grant na Buganda ya 1862

James Augustus Grant, ofisa wa jeshi aliyezaliwa Nairn, Uskoti, mwaka 1827, alichora baadhi ya picha za mwanzo kabisa za Buganda zilizofika Ulaya. Shajara zake, barua na picha za rangi za maji za safari ya 1860–1863 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh.

Grant aliondoka pwani akiwa na kamera. Enzi hizo kila sahani ya picha ilitayarishwa na kusafishwa papo hapo, ndani ya hema dogo lenye giza, na joto la humo lilikuwa kali kiasi cha kumhofisha kiongozi wa msafara, John Hanning Speke, kwamba mwenzake angekufa. Kamera ikarudishwa. Zikabaki penseli na rangi, vitu vyepesi kwa mpagazi, na bila uamuzi huo huenda michoro hii isingekuwepo.

Thamani kubwa ya nyaraka hizi ni kwamba zinamruhusu msomaji kuuliza: nani hasa aliona nini? Kidonda cha mguu kilimlaza Grant kwa miezi Karagwe, kwa Mukama Rumanika. Speke alitangulia, akafika kwa Kabaka Mutesa I mwezi Februari 1862, kwenye kilima cha Banda ambacho leo kimo ndani ya jiji la Kampala. Grant alifika mwishoni mwa Mei. Basi tukio lolote la ikulu la kabla ya hapo, hata likichorwa vizuri namna gani, halikutoka machoni pake. Ndivyo ilivyo pia kwa maporomoko ya Ripon, karibu na Jinja: Speke aliyafikia tarehe 28 Julai, wakati Grant ameelekezwa njia ya Bunyoro.

Wengi huijua michoro hiyo kupitia kitabu cha Speke cha 1863, na hapo tahadhari inahitajika. Michoro ya Grant ilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker, msanii wa vitabu jijini London, kisha ikachongwa kwenye vibao vya mbao na kupigwa chapa kwa wino mweusi. Kila mkono uliongeza jambo na kupoteza jingine. Wekundu wa lubugo, vazi la gome la mti wa mutuba, hauwezi kusomeka katika wino mweusi. Mkao wa mtu barazani nao, nani amepiga magoti na nani amesimama, ni habari nzito Buganda, ila kwa msanii wa mbali ni suala la kuijaza picha tu. Kwa hiyo mtafiti makini wa ikulu ya Mutesa huanza na karatasi ya Grant yenyewe, akailinganisha na tarehe ya shajara, ndipo akafungua kitabu.

Maporomoko ya Ripon yalizama baada ya bwawa la Owen kukamilika mwaka 1954. Kwa sura yake ya 1862, ushahidi uliobaki ni maandishi na michoro ya safari ile.