Mgeni Akiondoka, Nani Ataendelea Kufundisha?



Mara kwa mara tunaulizwa: mkufunzi wa uuguzi akija kutoka Ulaya au Marekani kwa wiki chache, akakuta darasa la wanafunzi 60 na msaidizi mmoja tu, anaweza kufanya nini? Hapa Machame hospitalini, swali hili si geni.

Kutoa somo darasani si tatizo. Wanafunzi 60 wanaweza kumsikiliza mtu mmoja. Lakini uuguzi hujifunzwa kwa mikono. Mtoto mchanga asiyepumua anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, na dakika hiyo haimsubiri muuguzi afungue daftari.

Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, yaliyozinduliwa kimataifa mwaka 2010, yanashauri mwezeshaji 1 kwa wanafunzi 6. Wanafunzi hukaa wawili wawili na mwanasesere mmoja: mmoja anapuliza hewa kwa mfuko na barakoa, mwenzake anaangalia na kumsahihisha, kisha wanabadilishana. Kwa hiyo darasa la 60 lina makundi 10. Mgeni peke yake hawezi kuyasimamia yote kwa wakati mmoja. Njia nzuri ni kuanza na wauguzi wenyeji wachache, kisha wao wasimamie makundi huku mgeni akizunguka. Wenyeji hao pia hufafanua kwa Kiswahili pale Kiingereza kinapomkwamisha mwanafunzi.

Hata hivyo, mafunzo ya siku moja hayatoshi. Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, ilijifunza hivyo. Baada ya mafunzo ya siku moja mwaka 2010, watumishi walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere, lakini huduma kwa watoto wenyewe wodini haikubadilika. Mwaka 2011 hospitali ilianza mazoezi mafupi kazini: dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 kila mwezi, yakisimamiwa na wenyeji. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchangia nauli ya mgeni, tunashauri kamati zijiulize mambo matatu:

1. Je, wauguzi wenyeji watakaofundisha pamoja naye wameteuliwa na kupewa nafasi katika zamu zao?
2. Je, vifaa vya mazoezi vitabaki wodini, mahali ambapo muuguzi wa usiku atavifikia, au vitafungiwa kabatini?
3. Je, nani atasimamia zoezi la kila wiki?

Hatusemi wageni wasije. Waje, nasi tutawapokea kwa furaha. Lakini siku mgeni atakaposhuka hadi Kwa Sadala na kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, mama atakuwa anajifungua huku juu. Mchango wenu umfikie pia muuguzi atakayekuwa zamu usiku huo.