Kwanza Mipaka, Kisha Maji

Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, kona baada ya kona hadi Soni na kuendelea, utaona mashamba yamening'inia ubavuni mwa mlima: mahindi, maharage, migomba, na chini mabondeni kabichi, karoti na nyanya zinazosubiri malori ya Dar es Salaam. Usichokiona kwa urahisi ni ardhi tambarare. Kwa hiyo kila kiwanja cha mpira katika milima ya Usambara kina jasho la watu ndani yake. Kuna wazee waliokichimba kwa majembe na sururu, kuna misheni iliyoacha uwanja kando ya kanisa, kuna shule iliyokata mlima ili watoto wapate pa kukimbia. Vingi vya viwanja hivyo vinaliwa taratibu, juu na maji ya mvua, pembeni na mashamba. Naamini tunaweza kuvinusuru kwa fedha ndogo kuliko tunavyodhani, mradi tuanze panapostahili.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule za msingi za huku hadi nilipostaafu. Nimechora mistari kwa majivu ya jikoni, nimekata mikaratusi ya milingoti ya magoli, nimechagua watoto wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, kwenye kiwanja chenye mteremko ambapo timu iliyoanza upande wa juu ilijua kwamba mabao yake ni ya kipindi cha kwanza. Wasichana wa netiboli walikuwa na hali mbaya zaidi, maana wao hupewa kipande kilichobaki baada ya wavulana kupata chao. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25 tu, lakini huku hata kipande hicho hupatikana kwa kuchimba.

Tuanze na hesabu. Kiwanja cha kawaida cha mashindano makubwa ni mita 105 kwa 68. Ukiongeza nafasi ya pembeni, kinakula ekari mbili. Ekari mbili za tambarare bondeni zinalisha familia na kusomesha watoto, na simlaumu mkulima anayezitamani. Lakini sheria za mpira zinaruhusu kiwanja cha mita 90 kwa 45, yaani ekari moja. Kijiji kisichoweza kutoa ekari mbili kinaweza kutoa moja, na vijana wakacheza mpira halali kabisa. Tukidai kidogo tunachokihitaji, tunapata nguvu ya kukilinda.

Ulinzi wenyewe unaanza na mipaka. Kiwanja kimoja ninachokifahamu vizuri kilipakana na shamba la mahindi. Kila msimu mstari wa mabingobingo uliopandwa kuzuia udongo ulisogea hatua moja kuingia uwanjani, hadi mpiga kona akakosa pa kuanzia mbio. Niliposema tuwaite wapimaji, mzee mmoja aliyeshiriki kuchimba alinishangaa. "Mgosi, hapa tulichimba sisi wenyewe. Karatasi ya nini tena?" Nikamjibu kwa heshima yake: "Shikamoo, baba. Nyinyi mnajua. Wajukuu zenu watajuaje?" Alinyamaza kidogo, kisha akatembea nasi kutuonyesha mawe manne ya zamani, mawili yakiwa yamefunikwa na udongo.

Sheria ipo upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inakitaka kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiweka kwenye daftari, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji nafasi ya kuchora ramani inayoonyesha shule, malisho, msitu na kiwanja. Kiwanja kilichoandikwa hakiuzwi na mwenyekiti mpya, wala hakimegwi kimyakimya.

Tukitaka kujua gharama ya kutoandika, tuangalie mijini. Wakati wa chama kimoja wananchi wa mikoa mingi walichangia ujenzi wa viwanja kwa fedha na nguvu zao. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, vingi vya viwanja hivyo vilibaki mali ya CCM. Hata Mkwakwani ya Tanga, nyumbani kwa Coastal Union iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, ni ya chama. Mjadala wa nani avikarabati na nani afaidi viingilio haujaisha mpaka leo. Kijijini tunaweza kuukwepa mjadala huo kwa muhtasari mmoja wa mkutano.

Baada ya mipaka, maji. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo adui mkubwa wa viwanja vyetu. Kiwanja cha mlimani hutengenezwa kwa kukata upande wa juu na kujaza upande wa chini. Upande uliojazwa hutitia, na maji yanayoshuka mlimani hukatiza katikati. Nimewahi kuona korongo lililoanzia eneo la penalti hadi nje ya mstari wa kati, mtoto akitumbukia anazama hadi magotini. Tulilijaza udongo kila mwaka, na kila mwaka mvua ikaubeba, kwa sababu tulitibu korongo tukaacha chanzo.

Tiba yake wakulima wa huku wanaijua kuliko wahandisi. Chimba mtaro wa kukinga maji juu ya kiwanja, uyaelekeze pembeni kwenye migomba. Panda mabingobingo kwenye ukingo uliokatwa na ule uliojazwa, lakini nje ya mawe ya mpaka. Nyanyua mgongo wa kiwanja katikati: kwa upana wa mita 68, sentimita 34 zinatosha kuyapeleka maji pande zote mbili. Halafu pandikiza ukoka mwanzoni mwa mvua na uufungie mifugo hadi ushike. Vifaa ni majembe, kamba, vigingi na watu wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea.

Najua neno la kuchimba lina kumbukumbu chungu hapa. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta kwa amri na faini. Watu walikasirika, wakapinga, na mpango ukafa. Lakini watu haohao na watoto wao wamechimba misingi ya shule, zahanati na viwanja bila kusukumwa. Msambaa huchimba anapojua kwamba kinachochimbwa ni chake. Ndiyo sababu nyingine ya kuweka mipaka kabla ya mtaro.

Je, fedha? Ruzuku ya elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Hapo usitegemee zaidi ya mpira na nyavu. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni kwa miradi inayoibuliwa na wananchi, na mtaro wa kiwanja ni mradi kama kisima. Mwaka 2021 serikali ilielekeza asilimia 5 ya mapato yake ya kubashiri matokeo ya michezo kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Mwaka huohuo iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye nyasi bandia za viwanja vya majiji. Nafurahia viwanja vikubwa vinavyojengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027. Lakini vijana wanaobashiri wapo Lukozi na Mlalo pia, na haki ni kwamba sehemu ya fedha hiyo ipande mlima.

Ayalandi wana somo zuri kwetu. Chama chao cha Michezo ya Kigaeli kilianzishwa mwaka 1884, wachezaji wake ni wa ridhaa, na karibu kila parokia ina klabu yenye kiwanja kilichosajiliwa kwa niaba ya jamii. Msingi huo wa chini ndio uliobeba Croke Park ya Dublin yenye nafasi ya watu zaidi ya 82,000. Lakini walipokimbilia zege, waliumia. Ukarabati wa Páirc Uí Chaoimh mjini Cork ulizidi bajeti na kuacha deni la mamilioni ya euro, na Casement Park ya Belfast, iliyofungwa ili ijengwe upya, haijachezewa mechi tangu mwaka 2013. Jukwaa lije mwisho, baada ya mipaka, maji na nyasi.

Ndugu msomaji, mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao simama uulize mambo matatu: kiwanja chetu kimeandikwa kwenye daftari lipi, mawe ya mpaka yako wapi, na siku ya msaragambo wa mtaro ni lini. Uliza pia wasichana watacheza wapi. Usikae mpaka majibu yaingie kwenye muhtasari.