Spika ya bibi ilinyamaza tulipobadili mtandao

Kwa siku tatu mfululizo nyumba ya bibi yetu, pale Newala, ilikuwa kimya baada ya sala ya alfajiri. Wanaoifahamu nyumba hiyo wanajua kwamba saa hizo husikika kisomo cha Qur'an kutoka kwenye spika ndogo iliyo juu ya kabati, spika ambayo mjomba aliileta kutoka Muscat kwa kuwa macho ya bibi hayaoni tena herufi za msahafu. Kimya kilianza siku ile ile sisi wajukuu tulipobadili kampuni ya intaneti, baada ya kuchoshwa na bando lililokuwa likiisha kabla ya mwezi kuandama. Bibi hakulalamika. Alituuliza tu kwa simu: "Wajukuu zangu, hicho chombo ndiyo kimefariki?"

Sisi tulioko Masasi tulijibu kwa haraka, na tulijibu vibaya. Tulimwagiza mdogo wetu anayeishi naye achukue sindano, abonyeze kile kitundu cha nyuma, spika isahau kila kitu na kuanza upya. Fundi mmoja alishauri tununue nyingine, nasi tulikuwa tumeshaanza kuchanga. Aliyetuokoa ni bibi mwenyewe, aliyekataa katakata: "Msikichokonoe mpaka mje." Basi Jumamosi tukaiacha milima ya mawe ya Masasi, tukapanda uwanda wa Makonde.

Ndugu msomaji, jambo la kwanza ni kutenganisha safari mbili. Moja ni ya kutoka mnara wa simu hadi kwenye rauta, kile kisanduku chenye laini ndani yake. Nyingine ni ya kutoka kwenye rauta hadi kwenye spika, hatua chache tu ndani ya nyumba, kwa mawimbi ya waifai. Unganisha simu yako na waifai mpya, zima data ya laini yako, kisha fungua ukurasa wowote. Ukifunguka, safari ya kwanza ni salama na kampuni haina kosa. Ukigoma, hapo spika haihusiki. Isogeze rauta dirishani, mbali na bati na milango ya chuma. Rauta iliyopata mawimbi ya kutosha Masasi si lazima iyapate Newala, kwa kuwa kila kampuni ina minara yake na mahali pake.

Kwetu ukurasa ulifunguka, kwa hiyo tatizo lilikuwa la ndani ya nyumba. Spika ya namna hii haina kioo wala vitufe vya herufi. Siku ilipofungwa ilifundishwa mambo mawili: jina la mtandao na neno la siri. Rauta ya kampuni mpya huja na jina lake na neno lake, yamechapwa kwenye kibandiko. Spika huendelea kuliita jina la zamani, ilhali aliyekuwa akiitika ameshaondoka. Haijaharibika hata kidogo.

Dawa iliyo nyepesi kuliko zote, nayo ndiyo aghalabu haitajwi dukani, ni kuipa rauta mpya jina na neno la siri la ile ya zamani. Simu ikiwa kwenye waifai mpya, fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko (mara nyingi huanza na 192.168), uingie kwa neno la siri la msimamizi, ambalo kwa kawaida ni tofauti na lile la waifai. Humo utapaona pa kubadili jina. Liandike kama lilivyokuwa: herufi kubwa iwe kubwa, ndogo iwe ndogo, na nafasi isiongezwe. Sisi tulipoteza nusu saa kwa sababu ya N moja tu. Rauta ya zamani nayo izimwe, yasiwepo majina mawili yanayofanana.

Tulipohifadhi mabadiliko, vijana wa jirani nao walirudi hewani dakika ile ile. Kumbe neno la siri la zamani lilikuwa limeshazunguka mtaa mzima! Hapo tukafahamu bando lilikuwa likienda wapi. Mwenye hali kama yetu ni afadhali achague neno jipya na kuifunga spika upya, ijapokuwa kazi ni ndefu zaidi. Ndivyo tulivyofanya hatimaye, kwa idhini ya bibi.

Katika kuifunga upya, vikwazo ni vile vile karibu kila nyumba. Spika nyingi, hasa za zamani, husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 pekee, ilhali rauta mpya hutoa pia ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini hayafiki mbali wala hayapenyi kuta vizuri. Yote mawili yakibeba jina moja na spika ikagoma, zima ya 5 kwa muda. Rauta ikiwa imewekwa kwenye usalama wa WPA3, irudishe kwenye WPA2, kwa kuwa vyombo vya zamani havikijui kile kipya. Simu nayo iwe kwenye waifai ile ile, si ile ya wageni. Data yake izimwe, la sivyo huikimbia spika katikati ya kazi. Tena programu ya spika iruhusiwe kutumia Bluetooth na kuona mahali ilipo simu.

Tungeulizwa, tungesema wazee wasitegemee chombo cha intaneti pekee. Tumemwekea bibi redio ndogo yenye kadi ya kumbukumbu iliyojaa visomo, kwa siku ambazo bando limekwisha.

Taa ya spika ilipoacha kumemeta ilikuwa karibu na magharibi. Tulimuuliza bibi tuanze na sura gani. Akatushangaa.

"Tulikuwa tumeishia katikati ya Yusuf," alisema. "Anzieni hapo hapo."