SOMO LA SABA: LUGHA YA KWANZA YA KUIAGIZA SEVA

Chukua daftari na kalamu, maana leo yako mambo machache ya kuandika.

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika ukurasa wa tovuti wenye kichwa, maneno na picha. Ukurasa ule ni kama tangazo lililobandikwa ukutani: kila apitaye huliona lile lile. Leo twataka kwenda mbele hatua moja. Twataka ukurasa umjibu kila mtu kwa habari zake mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na programu iliyo upande wa seva, nayo programu huandikwa kwa lugha yake. Basi hapo ndipo wanafunzi huuliza: "Lugha ni nyingi, nianze na ipi?"

Swali hili si dogo. Wewe una kazi mchana kutwa, na labda wapata saa moja tu jioni ya kujisomea. Saa moja kila siku, siku tano kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu, ni kama saa 60. Saa 60 zatosha kumfikisha mwanafunzi mahali pazuri katika lugha moja. Lakini ukizigawanya kwa lugha nne, kila moja itapata saa 15, nawe utakuwa umebisha hodi katika nyumba nne bila kuingia hata moja. Wengi huacha masomo hapo, wakidhani hawana akili ya kazi hii, kumbe walichokosa ni kutulia mahali pamoja.

KAZI YA SEVA NI IPI?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Seva ni kompyuta iliyowekwa tayari kupokea maombi yatokayo katika kompyuta na simu za watu wengine, na kuyajibu. Ifananishe na karani aliyeketi nyuma ya dirisha la ofisi.

Tuseme kipo chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mkulima aja dirishani na kuuliza: "Msimu huu nimeleta kilo ngapi?" Karani humwuliza namba yake, na kuhakikisha kwamba ndiye mwenyewe. Kisha hufungua daftari kubwa, hutafuta mistari yake, hujumlisha, na kumwandikia jibu. Hesabu kazi zake. Ya kwanza, kupokea ombi. Ya pili, kumtambua mwombaji. Ya tatu, kusoma daftari au kuandika ndani yake. Ya nne, kurudisha jibu. Katika kompyuta, daftari lile kubwa huitwa hifadhidata.

Karani wetu huyu wa umeme hajui kubahatisha. Hapana budi aandikiwe maagizo ya kila hatua, na lugha ya programu ndiyo ya kuandikia maagizo hayo. Ziko lugha nyingi, lakini kazi ni zile zile nne. Liandike jambo hili katika daftari lako, maana ndiyo shina la somo la leo: ukishajua kuzifanya kazi hizi nne kwa lugha moja, lugha ya pili utajifunza kwa muda mfupi zaidi.

Tazama mfano. Hapa chini ni mistari mitatu, kila mmoja kwa lugha yake, na yote yaiambia kompyuta iandike neno Karibu.

Kwa PHP: echo "Karibu";
Kwa Python: print("Karibu")
Kwa JavaScript: console.log("Karibu");

Waona jinsi zinavyofanana? Zatofautiana kama ndugu wa baba mmoja. Sasa tuzitazame moja moja.

PHP

Lugha ya PHP ilianzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Aliandika vyombo vidogo vya kumwonyesha ni watu wangapi waliotembelea ukurasa wake, na mwaka 1995 akavitoa kwa watu wote. Tangu mwanzo, basi, lugha hii ilitengenezwa kwa ajili ya kurasa za tovuti. Waweza kuchukua ukurasa ule ulioandika katika somo lililopita, ukachomeka maagizo ya PHP katikati yake, nao ukafanya kazi.

Faida yake kubwa ni urahisi wa kuiweka mahali. Kampuni nyingi zinazopangisha nafasi katika seva kwa bei ndogo huwa na PHP tayari. Wewe wapeleka faili zako tu, na kazi yaanza. Programu ya WordPress, iliyotoka mwaka 2003 na kutumiwa na tovuti nyingi za magazeti, shule na maduka, imeandikwa kwa PHP. Hata Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, huendeshwa na programu ya MediaWiki, nayo imeandikwa kwa lugha hiyo.

Ubaya wake ni kwamba ilikua bila ramani. Majina ya maagizo yake hayafuati kanuni moja, na humruhusu mwanafunzi kuchanganya mambo yote katika faili moja mpaka yeye mwenyewe asijue lipi liko wapi.

PYTHON

Python ni kazi ya Guido van Rossum, Mholanzi, ambaye alianza kuiandika mwishoni mwa mwaka 1989 na kuitoa mwaka 1991. Mistari yake husomeka kwa urahisi. Nafasi zinazoachwa mwanzo wa mstari zina maana, kwa hiyo yakulazimu kuandika kwa unadhifu, kama mwalimu asiyepokea daftari chafu.

Haikutengenezwa kwa ajili ya tovuti peke yake. Hutumika katika hesabu, katika sayansi, na katika kupanga habari nyingi. Kwa kazi ya tovuti, watu wengi huitumia pamoja na Django, ambayo ilianzia katika gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, nchini Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Django huja na mambo mengi tayari: kuandikisha wanachama, kuhifadhi maneno ya siri, na kurasa za msimamizi. Hilo ni jema, lakini kwa mwanafunzi mpya lina mzigo wake, maana ataona faili nyingi siku ya kwanza, na hajui ipi hufanya nini. Tena, kuiweka katika seva huhitaji hatua zaidi kuliko PHP.

JAVASCRIPT

JavaScript iliandikwa na Brendan Eich mwezi wa Mei 1995, kwa muda wa siku 10, katika kampuni ya Netscape. Hii ndiyo lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari, yaani programu ile ya kusomea kurasa. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, na tangu hapo JavaScript ilienea sana upande wa seva pia. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuijua katika kivinjari aweza kutumia lugha ile ile pande zote mbili.

Ugumu wake ni huu. Karani wa Node hasimami kumngoja tarishi aliyetumwa ghalani. Humtuma, akageukia mteja wa pili, na tarishi akirudi ndipo humaliza shauri la yule wa kwanza. Kwa njia hii huhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Lakini mwanafunzi aliyezoea kudhani kwamba mstari wa pili hungoja wa kwanza umalize, hushangaa akipata jibu tupu. Yafaa ajifunze kungoja huko mapema.

Usichanganye JavaScript na Java. Majina yafanana, lakini ni lugha mbili mbalimbali. Java nayo hutumika sana katika seva kubwa. OpenMRS, programu ya kuhifadhi habari za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, imeandikwa kwa Java. Hali kadhalika DHIS2, kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, inayotumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania na Uganda. Java yataka maandishi mengi kabla ya kuona matunda, lakini anayetaka kufanya kazi katika programu hizo atakutana nayo.

MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Sasa, wewe utachagua ipi? Usiwasikilize wanaogombana kama mashabiki wa mpira, huyu akiitukana lugha ya yule. Jiulize maswali matatu, kwa taratibu hii.

La kwanza: nikikwama, nani atanisaidia? Kama jirani, mwalimu au mfanyakazi mwenzako anajua Python, chagua Python. Mtu aliye karibu, awezaye kuketi nawe na kukuonyesha kosa, ana thamani kuliko sifa za lugha yo yote.

La pili: kazi ninayoitaka iko wapi? Kama wataka kuwatengenezea wenye maduka na shule za mjini kwako tovuti ndogo, kwa gharama ndogo, chagua PHP. Kama wataka pia kufanya hesabu na kuchunguza habari nyingi, chagua Python. Kama ofisi unayotaka kuingia yatumia Java, usibishane nayo.

La tatu: nimekwisha kujua nini? Kama tayari waandika JavaScript katika kivinjari bila shida, endelea nayo upande wa seva.

Kama huna msaidizi, wala kazi maalumu uliyoikusudia, wala lugha unayoijua, basi shauri langu ni PHP, kwa sababu ukurasa uliokwisha kuuandika utakuwa mwanzo wa programu yako, na kuiweka mahali watu waione ni kazi nyepesi. Kisha kaa nayo kwa muda wa miezi mitatu bila kugeuka.

Usiogope gharama. Lugha hizi zote hupatikana bure. Ukishaziweka ndani ya kompyuta yako, waweza kujifunza bila intaneti, na maelezo rasmi ya PHP na ya Python waweza kuyapakua mara moja na kuyasoma nyumbani.

Ila jihadhari na vitabu vya zamani. Ukipewa kitabu cha Python kinachoandika print "Karibu" bila mabano, hicho ni cha Python 2, ambayo iliachwa tarehe 1 Januari 2020. Ukipata kitabu cha PHP kinachotumia agizo la mysql_query, kirudishe, kwa maana agizo hilo liliondolewa katika PHP 7 mwaka 2015.

AMANA YA WATU

Liko jambo moja ambalo ni sawa kwa kila lugha. Habari za wale wakulima ni amana. Mtu mbaya aweza kuandika, mahali pa jina lake, kipande cha agizo la kuifungua hifadhidata. Karani asiyeonywa atalisoma kama agizo la mkubwa wake, na kumpa habari za wanachama wote. Dawa yake ni agizo lililotayarishwa mapema, lenye nafasi wazi za kujazwa. Kinachojazwa humo huhesabiwa kuwa jina tu, hata kikiwa na maneno gani. Kila lugha tuliyoitaja ina dawa hii. Jifunze kuitumia siku ile ile unayojifunza kufungua hifadhidata, wala usingoje mpaka uwe fundi.

Hali kadhalika, maneno ya siri yasiwekwe katika hifadhidata jinsi yalivyo. Hapana budi yageuzwe kwanza, kwa namna ambayo hata wewe mwenyewe huwezi kuyasoma tena. PHP ina agizo la password_hash kwa kazi hiyo, na Django huifanya bila kuambiwa. Usibuni njia yako mwenyewe.

Ukitaka kujua kama kitabu au mwalimu ni mzuri, tazama kama afundisha mambo haya mawili. Asipoyafundisha, tafuta mwingine, hata kama lugha ni ile ile uliyoichagua.

KAZI YA MIEZI MITATU

Usimalize miezi mitatu kwa kusoma tu. Chagua programu moja ndogo uimalize: daftari la kilo za kahawa, au michango ya chama, au vitabu vya shule vilivyoazimwa. Mwanachama aingie kwa neno lake la siri, aone habari zake peke yake, na katibu aweze kuongeza mstari mpya. Programu hii yatumia zile kazi nne zote. Itakapofanya kazi, mwonyeshe mtu atakayeitumia kweli, umsikilize akisema pale panapomtatiza.

Juma lijalo tutafungua hifadhidata, tuone jinsi ya kuipanga kwa safu na mistari. Somo hilo litakufaa, hata ikiwa umechagua lugha gani. Kwaherini, na kila la heri.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA KUSIKILIZA

1. Zitaje kazi nne za seva, na kwa kila moja toa mfano wa karani katika ofisi unayoijua.
2. Katika kikundi chenu, nani anajua lugha mojawapo? Je, yuko tayari kuwasaidia wenzake, na siku gani?
3. Kila mtu aandike jina la lugha aliyoichagua na sababu yake, kwa mstari mmoja. Mwenyekiti ayahifadhi maandishi hayo, ayasome tena baada ya miezi mitatu.
4. Kwa sababu gani maneno ya siri yasihifadhiwe jinsi yalivyo? Mwelezee mtu asiyejua kompyuta mpaka aelewe.