Njia Rahisi za Msitu wa Karura

Wengi hudhani kutembea msituni ni kazi ya wenye vifua vya chuma. Sivyo! Mimi nilizunguka msitu wa Karura, Nairobi, na nyanya yangu ambaye magoti humsumbua. Njia ni pana, na njia panda zina nambari, basi hupotei. Tulishuka polepole tukafuata Mto Karura hadi kwenye maporomoko na mapango yanayosemekana Mau Mau walijificha. Mvua ikinyesha, vaa viatu visivyoteleza.

Kwenye mteremko nyanya alipumzika, akaniambia, "Mjukuu wangu, Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hadi akatoka damu akitetea msitu huu usinyakuliwe. Bila yeye tungetembea wapi?" Nilinyamaza.

Wenzangu, tembeeni mjionee, lakini msiuache uchafu wenu huko!